Focus: Neno Lililotoka Mekoni

Katika Kilatini cha Roma ya kale, focus lilikuwa jina la meko ya nyumba. Moto wenyewe uliitwa ignis. Mekoni palipikwa chakula, na hapo hapo familia ilitoa sadaka kwa Lares na Penates, miungu walinzi wa nyumba na ghala. Ndiyo maana askari wa Roma alisemwa kuwa anapigania madhabahu na meko. Kilatini cha watu wa kawaida kilipozidi kubadilika, jina la meko likaumeza moto: ignis likafifia, na focus likazaa fuoco la Kiitalia, feu la Kifaransa na fuego la Kihispania.

Wasomi walibaki na Kilatini chao. Mwaka 1604 Johannes Kepler, mwanahisabati wa kaisari mjini Prague, alichapisha kitabu kuhusu mwanga na macho. Mwanajiometri Mgiriki Apollonius wa Perga alikwisha kuzichunguza nukta mbili maalumu za ndani ya duaradufu karne nyingi kabla yake. Kepler ndiye aliyeziita foci, wingi wa focus, humo kitabuni, akieleza kuwa ni kwa ajili ya mwanga. Jina lilizifaa kweli. Kioo cha umbo la paraboli kikielekezwa juani hukusanya miale kwenye nukta moja, na karatasi ikiwekwa hapo huungua. Wajerumani huiita Brennpunkt, yaani nukta ya kuunguza. Kisha, mwaka 1609, Kepler huyo huyo alitangaza kwamba Mirihi huzunguka katika duaradufu, na Jua liko kwenye mojawapo ya foci zake. Moto mkubwa kuliko yote ukawa umekaa mekoni.

Kiingereza kililipokea neno hilo katika karne ya 17, likiwa la jiometri na lenzi. Kwa wapigapicha lilikuwa na sura nyingine: badala ya mahali miale inapokutana, likawa hali ya picha kuonekana bila ukungu. Mwaka 1977 ilitoka Konica C35 AF, kamera ya kwanza ya kuirekebisha lenzi yenyewe kuuzwa kwa wingi. Kwa wanaochunguza matetemeko ya ardhi, focus ni mahali chini ya ardhi mwamba unapoanza kupasuka. Kwa madaktari, ni kiini cha maambukizi mwilini.

Maana ya kukaza fikira, inayotawala leo, ilichelewa kuja. Ilikopwa kwenye lenzi: akili hukusanya nguvu zake kama miale. Mwaka 1946 wanasosholojia Robert Merton na Patricia Kendall waliandika juu ya mahojiano yanayolenga jambo moja, na njia hiyo ikachangia kuzaliwa kwa majadiliano ya vikundi (focus groups) yanayotumiwa na watafiti wa masoko.