Yule Washington Mwingine

Ukisikia jina Washington, bila shaka unamkumbuka yule mzee wa kwenye noti ya dola. Mimi siku hizi namkumbuka Harry.

Harry Washington alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa ng'ambo, na mwaka wa 1763 George Washington akamnunua. Jina lenyewe ni la bwana wake. Mwaka wa 1771 alitoroka, akashikwa, akarudishwa.

Kisha makoloni yakaanza kumgomea mfalme wa Uingereza. Wenye mashamba wakalia kwamba kodi za mfalme zinawafanya watumwa. Ati watumwa! Na Harry yuko pale pale, anawahudumia.

Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, akatangaza kwamba mtumwa wa waasi atakayepigania mfalme atapewa uhuru. Haikuwa huruma. Alitaka askari, na watumwa wake mwenyewe hakuwaachilia. Lakini Harry aliuona mlango uko wazi. Mwaka wa 1776 alitoroka tena, akajiunga na Black Pioneers, kikosi cha weusi katika jeshi la Waingereza.

Je, alikuwa msaliti? Weusi wapatao 5,000 walipigana upande wa George, na mwaka wa 1778 Rhode Island iliwaahidi uhuru watumwa watakaojiandikisha. Mimi siwezi kuwalaumu hawa wala wale. Kila mtu alikwenda alikoahidiwa uhuru wake.

Vita vilipoisha mwaka wa 1783, George alidai watumwa waliotoroka warudishwe. Jenerali Guy Carleton akakataa. Majina ya watu 3,000 hivi yakaandikwa kwenye daftari kule New York, Harry akiwemo, miaka 43. Meli ikampeleka Nova Scotia, kwenye baridi na ardhi mbovu. Mwaka wa 1792 akavuka bahari tena hadi Sierra Leone.

Ungedhani sasa atapumzika. Lakini kampuni ya Waingereza iliyotawala huko ikadai kodi ya ardhi, na mwaka wa 1800 walowezi wakaasi, Harry akiwa mmoja wao. Walishindwa. Akahukumiwa, akafukuzwa kwenye koloni.

Washington wawili, wote waliasi juu ya kodi. Mmoja ana mji mkuu wenye jina lake. Huyu mwingine mimi sikuwahi kumsikia darasani hata siku moja.