Wimbo Mmoja, Makazi Mawili: Ukumbi na Kanda katika Dansi la Ilala

Wimbo wa kweli ni upi: ule unaopigwa ukumbini mbele ya wachezaji, au ule ulionaswa studio na kuhifadhiwa katika kanda? Wapenzi wa muziki wa dansi wa Dar es Salaam wamebishana juu ya swali hili kwa miongo mingi bila kulimaliza. Uwanja wa mabishano hayo ulikuwa Ilala, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa na makao yake humo. Ukumbi wa DDC Kariakoo ulikuwa ngome ya DDC Mlimani Park, wana Sikinde. Ukumbi wa Amana, Ilala, ulikuja kuwa maskani ya mahasimu wao, bendi ya wafanyakazi ambayo mashabiki waliiita Msondo. Na studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zilikonaswa nyimbo za bendi hizo, zilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo huitwa Barabara ya Nyerere. Kutoka jukwaani hadi kwenye kipaza sauti cha redio palikuwa mwendo mfupi, lakini wimbo uliousafiri mwendo huo ulifika ukiwa umebadilika.

Kwa wapenzi wa ushairi, swali lenyewe si geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga kwa ajili ya masikio ya watu waliokuwapo, na washindani wake walimjibu papo kwa papo. Sehemu kubwa ya tungo zake tunayoisoma leo ilikusanywa na kuandikwa miongo kadhaa baada ya kufa kwake, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor. Karatasi imetuhifadhia mizani na vina. Vicheko, miguno na vijembe vya baraza vilikwenda na wenyewe. Hali kadhalika, mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kunasa nyimbo zao kwa kampuni ya HMV. Santuri zile zikawafikia watu ambao hawakupata kumwona Siti maishani mwao, na kwa wengi wao Siti halisi ni yule aliyemo ndani ya santuri. Waliowahi kukaa mbele yake usiku kucha wangekuwa na neno jingine.

Dansi la mjini lilifuata njia hiyohiyo. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na kwa muda mrefu kazi ya bendi za aina hiyo ilikuwa moja tu, kuchezesha watu. Baadaye zikaja Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande na Western Jazz, iliyoanza mwaka 1959 na kujulikana kwa mtindo wake wa Saboso. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikaunda NUTA Jazz, ambayo kadiri chama kilivyobadili jina nayo ilibadilika ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho ikabaki na jina la Msondo Ngoma. Mwaka 1978 Muhiddin Maalim Gurumo alitoka katika bendi hiyo, akawa miongoni mwa waasisi wa Mlimani Park, akiwa pamoja na Cosmas Chidumule, Abel Balthazar, Joseph Mulenga na Michael Enoch, ambaye kabla yake alikuwa kiongozi wa Dar es Salaam Jazz. Bendi ilianza chini ya shirika la usafiri la TTTS, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Majina ya mitindo hiyo miwili, Msondo na Sikinde, ni majina ya ngoma za jadi, na ngoma haichezwi bila watu kuizunguka.

Hapo ndipo watu wa ukumbini walipojenga hoja yao. Wimbo wa dansi, walisema, una sehemu mbili. Ya kwanza huenda taratibu: mwimbaji husimulia kisa, kiitikio hupokea, tarumbeta na saksafoni hujibizana na sauti. Ya pili ni chemko, ambapo maneno hupungua, magita hushika usukani, na ngoma hukaza mwendo. Sehemu ya kwanza hutungwa na mtunzi, lakini chemko hukamilishwa na wachezaji. Mpiga solo akiona uwanja umejaa na watu wamekolea, hazimi moto. Hurudia, hupinda, huongeza. Anayekwenda kumtuza mwimbaji huweza kuurefusha wimbo kwa mkono wake. Kwa hiyo wimbo uleule hauwi sawa Jumamosi na Jumapili, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo miwili unaoweza kuitwa nakala. Aliyeusikia redioni peke yake, kwa maneno ya wenye hoja hii, amesikia habari za harusi bila kuhudhuria.

Watu wa kanda hawakukosa jibu. Ukumbini, walisema, maneno hupotea. Vipaza sauti hukoroma, watu huzungumza, na mpenzi aliyekwenda kucheza hasikilizi beti. Dansi la Tanzania, tofauti na muziki mwingi wa kuchezwa, limebeba kisa na wasia: ugomvi wa ndoa, ulevi, ujane, safari, fitina, fedha iliyopotea. Msikilizaji wa Kigoma au Lindi, ambaye huenda asifike Kariakoo hata mara moja, alikaa karibu na redio yake akayafuata maneno hayo moja baada ya jingine mpaka akayajua kwa moyo. Marijani Rajabu, aliyeitwa Jabali la Muziki, alipoimba Zuwena na Mwanameka pamoja na Dar International, visa vile vikawa mali ya nchi nzima kwa njia ya redio. Ukumbi ungewapa watu wa mji mmoja tu. Aidha, studio ilimlazimu mtunzi kupima maneno yake, kwani mashairi yalikaguliwa kabla ya wimbo kunaswa. Ukaguzi huo ulifunga milango, bila shaka, lakini pia ulinoa mafumbo. Na Mswahili hajapata kushindwa kusema jambo kwa kulizunguka.

Mabishano haya yalikuwa na upofu mmodi uliozifunika pande zote mbili. Studio ya redio haikuwa ile ambayo watu wengi huifikiria leo wanapotaja neno hilo. Hapakuwa na kunasa gita leo, sauti kesho, na tarumbeta wiki ijayo, kisha fundi akavishona pamoja. Bendi nzima iliingia chumbani, ikapangwa mbele ya vipaza sauti vichache, ikahesabu, ikapiga wimbo wote kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyekosea aliwakosesha wote, na kazi ikaanza upya. Kwa maneno mengine, kanda ya redio ilikuwa onyesho la ukumbini lililoondolewa wachezaji. Pumzi ilikuwa moja, ndugu walewale, vyombo vilevile. Ndiyo maana kanda zile, licha ya uchache wa mitambo, zina uhai ambao kazi nyingi zilizotengenezwa kwa vifaa bora zaidi hazina. Aliyeitetea kanda alikuwa akiutetea ukumbi bila kujua, na aliyeidharau alikuwa akidharau bendi yake mwenyewe ikipiga kwa nguvu zake zote.

Huko Ulaya na Marekani mjadala huu ulichukua sura nyingine. The Beatles walipopiga onyesho lao la mwisho la kulipiwa, San Francisco, Agosti 1966, waliacha jukwaa kwa hiari, wakajifungia studio na mwaka uliofuata wakatoa Sgt. Pepper, kazi ambayo wao wenyewe wasingeweza kuipiga mbele ya watu kama ilivyo. Upande wa pili walikuwapo Grateful Dead, ambao mashabiki wao walithamini usiku wa onyesho kuliko santuri, hata mwaka 1984 bendi ikawatengea wenye vinasa sauti mahali pao maalumu. Wote wawili waliweza kuchagua, kwa sababu santuri na tiketi zote zilileta riziki.

Bendi za Ilala hazikupata uchaguzi huo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Zilizouzwa zilitoka Kenya, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, njia hiyo ikawa nyembamba mno. Malipo ya kunasa wimbo redioni yalikuwa kidogo, na kwa miaka mingi hapakuwa na utaratibu uliofanya kazi wa kumlipa mtunzi kila wimbo wake unapopigwa. Mkate wa mwanamuziki ulitoka kwa mwajiri wa bendi na mlangoni mwa ukumbi. Redio ilipiga mbiu, ukumbi ukalisha. Basi aliposema mpenzi mmoja kwamba anatosheka na redio yake, hakuwa akitoa maoni ya sanaa peke yake. Alikuwa pia akibaki nyumbani na kiingilio chake.

Hata umbo la wimbo lilitegemea mahali ulipokwenda kukaa. Santuri ndogo ya mizunguko 45 haikuweza kubeba wimbo mrefu upande mmoja, kwa hiyo ulikatwa: kisa upande wa kwanza, chemko upande wa pili, na msikilizaji akalazimika kunyanyuka na kuigeuza. Kanda ya redio ilikuwa na nafasi zaidi, ikaacha wimbo ufike dakika sita, saba na kuendelea. Ukumbi haukuwa na kipimo chochote isipokuwa miguu ya watu.

Lililokuja kuzipima hoja hizi kwa uchungu ni uhamaji wa wanamuziki. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliwachukua wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mpigo, Gurumo akiwa mmoja wao, wakaanzisha mtindo wa Ndekule. Shabiki aliyekwenda DDC Kariakoo baada ya hapo alikuta nyimbo alizozipenda zikiimbwa na vinywa vingine. Jukwaani palikuwa na wimbo usio na sauti yake. Ndani ya kanda palikuwa na sauti isiyo na bendi yake tena. Wapo waliosema kwamba wimbo ni wa bendi, na anayebaki ndiye mrithi. Wapo waliosema kwamba wimbo ni wa aliyeupa pumzi mara ya kwanza. Usiku huo wengi waliokuwa wakiicheka kanda walirudi nyumbani wakawasha redio.

Miaka ya 1980 na 1990 kaseti zikabadili mambo tena. Maduka ya Kariakoo yalinakili nyimbo za redio na kuziuza kwa wingi, na mtunzi akaisikia sauti yake ikitoka kila mlango bila senti kumfikia. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja mwaka 1999. Mwaka 1994 Radio One ilikuwa imekwisha kuanza matangazo, na redio ya taifa haikuwa tena sikio la pekee la nchi. Muziki wa kizazi kipya, ulioanza kukua wakati huohuo, ukaupindua mpangilio wa zamani: wimbo ulizaliwa studio, fundi akiwa mbele ya kompyuta, kisha msanii akaupeleka jukwaani, mara nyingi akiimba juu ya muziki ulionaswa tayari. Wazee wa Msondo na Sikinde walitikisa vichwa. Kwao wimbo ulikuwa ukitoka ukumbini kwenda kwenye kanda. Sasa kanda ndiyo inayokwenda ukumbini.

Leo mizani imeelemea upande mmoja. Marijani Rajabu alifariki mwaka 1995, TX Moshi William wa Msondo mwaka 2006, na Gurumo mwaka 2014. Kazi za Mlimani Park zilitolewa ng’ambo katika sahani za CD, Sungi huko Frankfurt mwaka 1994 na Sikinde huko Detroit mwaka 1995, na masikio ya mbali yakazishangilia. Mwaka 2012 wapenzi walioungana katika Tanzania Heritage Project walianza kuchangisha fedha ili hazina ya kanda za redio ya taifa ihamishiwe katika mitambo ya kidijitali kabla utepe haujaoza. Juhudi hizo zinastahili heshima, kwa maana utepe hauna subira.

Lakini anayezisikiliza kanda hizo leo na akadhani amelisikia dansi lote atakuwa amewaonea waliolicheza. Kanda imeshinda mabishano kwa sababu imeishi, wala haikumshinda mtu kwa hoja. Upande wa pili umebaki katika vifua vya watu waliozeeka: waliojua ni wimbo gani uliowanyanyua wote vitini DDC, nani alitangulia kuingia uwanjani, chemko lilirefuka kiasi gani usiku wa mpambano, na mwimbaji aliongeza maneno gani ambayo mkaguzi wa redio asingeyapitisha. Hayo hayamo katika hifadhi yoyote. Mwalimu Sikujua aliwafuata waliokumbuka tungo za Muyaka wakati baadhi yao walikuwa hai, naye hakuwa na chombo zaidi ya kalamu. Wapenzi wa dansi wa Ilala wana vinasa sauti mifukoni mwao, na wazee wao bado wako barazani jioni, wakibishana.