Jina la Mtoto na Tabia Yake

Neno jina lina maana mbili katika lugha yetu. Jina ni lile tamko ambalo mtoto hupewa na wazazi wake kabla hajajua kusema. Na jina ni ile sifa ambayo mtu hujipatia mwenyewe kwa matendo yake. Methali isemayo kuwa jina jema hung'aa gizani haikusudii maana ya kwanza, bali ya pili. Hata hivyo watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Husikia jina la mtoto ambaye hawajapata kumwona, wakadhani wamekwisha kujua kabila lake, dini yake, mali ya baba yake, na hata tabia yake darasani. Madhumuni ya insha hii ni kuuliza kama dhana hiyo ina ukweli. Historia ya nchi yetu ina mengi ya kutufundisha katika jambo hili, na sehemu kubwa ya mafundisho hayo yapatikana katika mitaa miwili ya jiji la Nairobi, Kibera na Kawangware.

Tuanze na majina ya asili. Katika mtaa wa Kawangware, na hasa sehemu yake iitwayo Kabiro, huishi watu waliotoka karibu kila upande wa Kenya. Tufikiri juu ya watoto watatu walioketi dawati moja: Okoth, Wafula na Wambua. Wa kwanza ni Mjaluo, wa pili ni Mluhya, na wa tatu ni Mkamba. Majina yao hayafanani kwa sauti, lakini yote matatu yatoka katika neno moja la mbinguni, yaani mvua. Kadhalika, kwa Wajaluo, Otieno ni mtoto wa usiku, na Achieng' ni binti aliyezaliwa jua likiwaka. Wakikuyu nao wana kanuni yao: mwana wa kwanza huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na wa pili kwa jina la babu mzaa mama. Kwa hiyo Kamau mwenye mashamba na Kamau asiye na shamba walipata jina lao kwa kanuni ile ile. Wala mvua haichagui paa la kunyeshea. Asikiaye jina la Okoth aweza kukisia asili ya wazee wake na majira aliyozaliwa. Hawezi kukisia kama Okoth ni mwizi au mwaminifu, mvivu au mwenye bidii.

Ilikuwaje basi hata jina likawa alama ya daraja? Lilikuwa hivyo pale mtu mmoja alipopata uwezo wa kumwita mwingine apendavyo. Katika pwani yetu, zama za utumwa, muungwana alijulikana kwa nasaba: fulani bin fulani, wa ukoo fulani. Mtumwa alipotolewa bara, nasaba yake ilikatwa, na bwana wake akampa jina jipya. Aghalabu jina hilo lilikuwa zuri kwa maana. Mabruki ni mwenye kubarikiwa. Feruzi ni kito cha thamani. Farjala ni faraja itokayo kwa Mungu. Wengine waliitwa kwa siku za juma. Ubaya haukuwa katika maana ya jina, bali katika jambo hili, kwamba lilitolewa na mwenye mali, na kwamba baada yake halikufuata jina la baba.

Mfano mashuhuri ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika Wayao, akatekwa angali mtoto, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi. Mubarak ni jina la Kiarabu, na Bombay ni jina la mji wa Kihindi. Jina alilopewa na wazazi wake halikusalia katika habari zake. Baada ya kupata uhuru alirudi Afrika. Mwaka 1857 aliandamana na Burton na Speke kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka 1871 alikuwa pamoja na Stanley. Na kati ya mwaka 1873 na 1875 alivuka bara hili pamoja na Cameron, toka bahari ya mashariki hata ya magharibi. Aliyesikia jina lake Unguja alijua mara moja kuwa alikuwa mtumwa. Je, jina hilo liliweza kumwambia kuwa mtu huyu angevuka Afrika kwa miguu? Hapana. Jina lilieleza yaliyompata, halikueleza atakayoyatenda.

Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini kabla ya hapo namna nyingine ya majina ilikuwa imekwisha kuingia. Mwaka 1875 wamisionari walianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Freretown, karibu na Mombasa. Humo ubatizo ulileta majina ya Kizungu. James Juma Mbotela, mwandishi wa kitabu Uhuru wa Watumwa kilichotolewa mwaka 1934, alitoka katika jamii hiyo. Tazama jinsi jina lake lilivyokusanya safari ya watu wake: James la misheni, Juma la pwani, na Mbotela la bara.

Toka pwani desturi hii ilipanda hata bara. Jina la Kizungu likawa dalili ya kisomo, na kisomo kikawa njia ya kazi ya karani au ya ualimu. Kamau wa Ngengi alibatizwa Johnstone mwaka 1914. Baadaye akajulikana ulimwenguni kote kwa jina la Jomo Kenyatta. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa vitabu vyake vya kwanza kwa jina la James Ngugi, kisha akaliacha jina la ubatizo. Watu hawa hawakubadilika tabia siku walipobadili majina. Walibadili kile walichotaka wengine wasome.

Sasa tufike Kibera. Mwaka 1891 Lugard aliwaandikisha karibu na Ziwa Albert askari wa Kisudani waliokuwa wamesalia katika jeshi la Emin Pasha. Wengi katika watu hao, na wana wao, walitumika katika jeshi la King's African Rifles, ambalo raia waliliita Keya. Mwaka 1918 serikali ya Waingereza ilitenga ekari 4,197 kando ya Nairobi ziwe za jeshi hilo, na Wanubi wakakaa humo. Waliiita nchi hiyo Kibra, maana yake msitu katika lugha yao. Walikuwa Waislamu, nao waliwapa watoto wao majina kama Ramadhani, Abdalla na Halima.

Katika miaka ile ile, serikali iliwalazimisha Waafrika wanaume kuchukua kipande, nacho kilikuwa na jina la mtu, kabila lake, alama za vidole, na habari za kazi alizozifanya. Hivyo jina liliungana na kabila katika karatasi, na karatasi ikawa na nguvu kuliko mtu mwenyewe. Jambo hili liliwaumiza Wanubi kwa namna ya pekee, kwa sababu hawakuhesabiwa kuwa na nchi yao ya asili ndani ya Kenya. Hata baada ya Uhuru wa mwaka 1963, kijana wa Kinubi aliyeomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya uhakiki, aulizwe habari za baba na babu, ingawa alizaliwa Kibera na baba yake alizaliwa Kibera. Jirani yake mwenye jina la kabila lililozoeleka hakuulizwa hivyo. Bila kitambulisho mtu hawezi kuajiriwa, wala kupiga kura, wala kufungua hesabu katika benki.

Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kuwa Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi. Kifungu kimoja kilichotajwa katika shauri hilo ni kile kisemacho kuwa kila mtoto, toka kuzaliwa kwake, ana haki ya kuwa na jina na kuandikishwa. Mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya ekari 288 za Kibera, na mwaka 2024 serikali ilitangaza kuukomesha uhakiki wa namna ile.

Huenda msomaji akauliza: je, hakuna mahali popote ambapo jina limeonekana kufuatana na tabia? Pako. Katika nchi ya Ghana, Waasante humwita mtoto kwa siku aliyozaliwa. Mvulana wa Jumatatu ni Kwadwo, naye hutazamiwa kuwa mpole. Wa Jumatano ni Kwaku, naye hutazamiwa kuwa mkali. Mwaka 1954 mtaalamu aitwaye Gustav Jahoda alieleza kuwa, katika kumbukumbu za mahakama ya watoto ya Kumasi, akina Kwaku walionekana zaidi katika makosa ya kuwadhuru wengine, na akina Kwadwo walionekana kwa uchache. Lakini pwani yetu Hamisi na Juma ni majina ya siku vilevile, wala hatumngojei mmoja awe mkali na mwingine mpole. Basi si siku inayomfanya mtoto mkali. Mtoto akiambiwa toka utotoni kuwa yeye ni mkali, akaadhibiwa kama mkali, yamkini atakuwa hivyo.

Walimu nao wana sehemu katika kosa hili. Mwaka 2009 uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Oldenburg katika Ujerumani ulionyesha kuwa walimu wengi wa shule za msingi walilihusisha jina Kevin na utovu wa adabu na masomo dhaifu, kwa kuwa lilipendwa na watu wa hali ya chini. Jina hilo hilo limejaa katika shule za Nairobi, kwa matajiri na kwa maskini. Kama uovu ungekaa ndani ya jina, ungesafiri nalo. Huko Marekani, wataalamu Fryer na Levitt walitoa mwaka 2004 matokeo ya uchunguzi wa watoto waliozaliwa California. Waliona kuwa hali ya nyumbani ikisha kuhesabiwa, jina lenyewe halibadili maisha ya mtoto. Lakini mwaka huo huo wenzao wawili walionyesha kuwa barua za kuomba kazi zenye majina ya Kizungu ziliitikiwa kwa asilimia 50 zaidi kuliko zile zenye majina ya watu weusi, ingawa sifa zilizoandikwa zilikuwa sawa.

Haya yote yapatana. Jina huonyesha nyumba na zama alimozaliwa mtoto. Tabia hutokana na malezi, mafundisho na nafasi apatazo. Ndiyo maana wazee walisema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jina hudhuru pale tu mwenye madaraka anapolisoma kama hukumu: mwalimu akamweka Kevin nyuma, mwajiri akaitupa barua, karani akamrudisha kijana wa Kibera.

Kwa hiyo haitoshi kuwaambia vijana wajitafutie jina jema kwa matendo, maana Wanubi walioitumikia Keya walikuwa na matendo ya kutosha, na wajukuu wao walisimamishwa mlangoni. Katika ninyi msomao insha hii watatoka walimu, makarani na waajiri. Siku hiyo majina ya wengine yatakuwa mikononi mwenu. Mtakapoyasoma, jueni kuwa bado hamjasoma habari za wenye majina hayo.