Ganda Jeupe la Birika

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea kusoma, nenda jikoni ukatazame ndani ya birika la kuchemshia maji. Kama maji ya kwenu hutoka katika mwamba wa chokaa, kama yalivyo ya visima vingi vya pwani yetu vilivyochimbwa katika matumbawe, utaona ganda jeupe limeshika chini na pembeni, gumu kama lipu ya ukuta. Kisha watazame wafuao nguo. Sabuni husuguliwa sana, walakini povu haliji. Badala yake huelea utando wa kijivu, na shuka nyeupe hutoka majini imefifia. Aghalabu lawama humwangukia mfuaji. Huambiwa kuwa ni mvivu, au kwamba anaifuja sabuni. Nataka kukuonyesha kwamba mtu huyu hudhulumiwa, na kwamba mkosaji wa kweli alichukua miaka mingi kujulikana.

Mkosaji huyo ni jiwe. Maji ya mvua yapitapo ardhini hujipatia hewa ukaa, na maji yenye hewa hiyo huliyeyusha jiwe la chokaa kidogo kidogo. Yafikapo kisimani huwa maangavu, na jicho halioni kitu. Lakini jiwe limo. Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Yasiyo na chokaa, kama ya mvua, huitwa maji laini.

Mwaka 1767, Henry Cavendish wa London alitangaza majaribio aliyoyafanya juu ya maji ya pampu ya Rathbone Place, mtaa mmoja wa mji huo. Maji hayo yalipochemshwa yaliacha unga mweupe. Watu walikuwa wakiuona unga huo tangu zamani. Yeye alitaka kujua kwa nini hauonekani kabla ya kuchemshwa. Akavumbua kwamba hewa iliyomo majini ndiyo iibebayo chokaa. Moto ukiifukuza hewa, chokaa hukosa mbebaji, nayo huanguka chini. Ganda la birika lako ndiyo chokaa hiyo.

Elimu hiyo ilikaa vitabuni muda mrefu, na hasara ikakaa majumbani. Sabuni ikitiwa katika maji magumu hushikana kwanza na chokaa, ikawa utando usiofaa kitu. Chokaa ikiisha kushiba, ndipo sabuni inayobaki huanza kufanya povu. Basi mfuaji hununua sabuni mara mbili: ya kulisha jiwe, na ya kufulia. Tena katika Uingereza sabuni ilitozwa kodi hata mwaka 1853. Tajiri wa London hakuuhisi upungufu huo, lakini mwanamke aliyeishi kwa kufua nguo za watu aliuhisi kila jioni alipohesabu senti zake. Bodi Kuu ya Afya ilipotoa taarifa yake juu ya maji ya London mwaka 1850, iliitaja sabuni na majani ya chai yaliyopotea bure kuwa miongoni mwa sababu za kuutafutia mji maji laini.

Wakati huo dawa ilikwisha patikana. Mwaka 1841 Thomas Clark, profesa wa kemia huko Aberdeen katika Scotland, aliandikisha kwa sheria njia yake ya kulainisha maji. Utastaajabu kusikia kwamba dawa yenyewe ilikuwa kuyatia maji chokaa! Lakini wazee wetu walisema kwamba dawa ya moto ni moto. Chokaa iliyochomwa tanurini ina njaa ya hewa ukaa. Ikitiwa majini kwa kipimo huikamata hewa ile; basi chokaa ya zamani hukosa mbebaji, na ile mpya nayo hugeuka kuwa jiwe, zikazama pamoja. Clark alibuni pia njia ya kupima ugumu wa maji: alitia maji ya sabuni katika chupa ya maji yanayopimwa, akaitikisa, akaangalia ni sabuni kiasi gani itakayoleta povu la kudumu. Kipimo cha profesa, basi, kilikuwa kile kile cha dobi.

Mwaka 1854, maji ya visima vya Plumstead, kitongoji kilichoko kusini-mashariki ya London, yalianza kulainishwa kwa njia ya Clark kabla ya kupelekwa majumbani. Mkosaji alizuiwa njiani, hata asifike kwenye beseni.

Usidhani kwamba maji magumu ni sumu. Huyanywa watu wengi bila ya kudhurika, na chokaa iliyomo husaidia mifupa. Madhara yake yamo katika sabuni, katika kuni, maana ganda la birika huchelewesha moto, na katika chungu cha maharagwe, ambayo hukataa kuiva upesi. Hapo mabibi zetu hutia magadi. Wao huyatia kwa uzoefu, nayo sayansi yawaunga mkono: magadi huitenga chokaa na maji, hata ile chokaa ya namna nyingine isiyoondoka kwa kuchemshwa. Na Kenya yetu imejaliwa ziwa zima la magadi, lenye jina hilo hilo. Ama ganda la birika, siki au maji ya ndimu huliyeyusha.

Hivyo, msomaji wangu, siku utakapoiona shuka iliyofifia kambani, usiharakishe kumhukumu aliyeifua. Chukua chupa mbili, moja ya maji ya mfereji na moja ya maji ya mvua. Tia katika kila moja sabuni kidogo ya kiasi kimoja, uzitikise, uone. Chupa hizo zitakuwa mashahidi wake.