WVON ya Chicago: redio ya mazungumzo kabla ya zama za mazungumzo

Historia ya redio za mazungumzo za Marekani kwa kawaida huanzia mwaka 1987. Agosti ya mwaka huo tume ya serikali inayosimamia mawasiliano iliifuta kanuni iliyovitaka vituo vya utangazaji vitoe nafasi kwa pande mbalimbali za jambo lenye ubishi. Mwaka uliofuata mtangazaji Rush Limbaugh akaanza kusikika nchi nzima, na vituo vingi vya AM vilivyokuwa hoi vikapata riziki mpya. Maelezo hayo yana ukweli, ila yanamhusu zaidi Limbaugh na waliofuata nyayo zake. KABC ya Los Angeles na KMOX ya St. Louis zilikwisha kugeukia mazungumzo mwaka 1960, na huko Chicago kituo kidogo kiitwacho WVON kiliamua kuwa cha mazungumzo mwaka 1986, kanuni hiyo ikiwa bado inatumika. Ukiifuata historia ya WVON utaona kwamba redio ya aina hii huzaliwa na kudumu pale penye watu wengi wenye la kusema na wasio na baraza jingine la kulisemea. Sheria na teknolojia huja baadaye.

Kituo chenyewe kilianza kama biashara ya muziki. Leonard na Phil Chess, ndugu wawili Wayahudi wenye asili ya Poland, walikuwa wamejijenga kwa kuwarekodi wanamuziki akina Muddy Waters na Chuck Berry. Mwaka 1963 walinunua kituo kilichoitwa WHFC, kwenye masafa ya 1450, kwa takriban dola milioni 1, wakakipa herufi mpya zilizosimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya Sauti ya Mnegro, kama Wamarekani Weusi walivyoitwa siku hizo. Mtambo ulikuwa dhaifu: wati 1,000 mchana na 250 usiku, ilhali WGN na WLS za jiji hilohilo zilirusha matangazo kwa wati 50,000. Kwa hesabu za wauza matangazo ya biashara, hicho kilikuwa kituo cha kupuuzwa. Lakini sensa ya 1960 ilikuwa imehesabu Weusi wapatao 800,000 mjini Chicago, na ubaguzi katika kupangisha na kuuza nyumba ulikuwa umewarundika katika mitaa ya kusini na magharibi. Ubaguzi huohuo ukaufanya mnara mdogo utoshe, kwa sababu wasikilizaji walikuwa wamelazimishwa kuishi jirani. Leseni, kwa kejeli ya historia, ilikuwa ya Cicero, mji wa kando ya Chicago ambako mwaka 1951 maelfu ya Wazungu walivamia jengo kwa sababu familia moja ya Weusi ilitaka kuhamia humo.

Hapa pana pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Je, si muziki uliowaleta wasikilizaji? Ndiyo, tena kwa kiasi kikubwa. Herb Kent, Pervis Spann, E. Rodney Jones na wenzao walikuwa nyota wa mitaa, na santuri waliyoipenda ilinunuliwa madukani kabla ya wiki kwisha. Lakini tangu miaka hiyo ya kwanza ratiba ilikuwa na kipindi cha usiku kilichoitwa Hot Line, kikiongozwa na Wesley South, mwandishi wa habari aliyewahi kulifanyia kazi jarida la Ebony. Katika kipindi hicho hapakupigwa muziki. Mgeni alikaa mbele ya kipaza sauti, simu zikafunguliwa, na msikilizaji akauliza alichotaka. Martin Luther King alikuwa miongoni mwa wageni hao. Ni rahisi kusahau leo jinsi jambo hilo lilivyokuwa geni: magazeti makubwa ya jiji yaliandika habari za Weusi hasa palipotokea uhalifu au vurugu, na mkazi wa kawaida hakuwa na mahali pa kumkabili mwanasiasa huku jirani zake wakisikia. Muziki uliwakusanya watu, Hot Line ikawapa zamu ya kusema. Mwaka 1968 King alipouawa na sehemu za magharibi ya Chicago zikawaka moto, watangazaji wa WVON ndio waliowasihi watu watulie, kwa kuwa hao walikuwa wamezoeleka kama wenyeji wa nyumbani. Meya hakuwa na sauti ya aina hiyo katika mitaa hiyo.

Pingamizi la pili linahusu umiliki: sauti ya Weusi iliyokuwa mali ya Wazungu, je, ilikuwa sauti yao kweli? Jibu linapatikana katika yale yaliyotokea mmiliki alipoondoka. Leonard Chess alifariki Oktoba 1969 na kituo kikaingia mikononi mwa makampuni. Mwaka 1975 WVON ilihamishiwa masafa ya 1390, yenye nguvu ya wati 5,000. Kwa karatasi ilikuwa imekua. Ila mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 wapenzi wa muziki Marekani walikuwa wanahamia FM, na kituo cha AM cha kupiga muziki wa Weusi, hata chenye mtambo bora, hakikuwa na silaha ya kupambana. Nguvu iliongezeka na umuhimu ukapungua. Wakati huohuo yale masafa duni ya 1450 yalibaki, na mwaka 1979 Spann na South, waajiriwa wa zamani, waliunda kampuni ya Midway Broadcasting ili wayapate. Walipata sehemu tu. Leseni iligawanywa kwa saa: WCEV, kituo cha jamii za Wapolandi na wengine wenye asili ya Ulaya Mashariki, kilichukua saa saba mchana hadi saa nne usiku, na wao wakabakiwa na usiku kucha na asubuhi. Mwanzoni walitumia herufi WXOL, kisha jina la WVON likawarudia baada ya masafa ya 1390 kuliacha.

Nani angewekeza fedha katika kituo cha wati 1,000 kinachozima saa saba mchana? Ndipo inapodaiwa kwamba mazungumzo ya 1986 yalikuwa kimbilio la mnyonge: FM imechukua muziki, bakini na maneno. Dai hilo linaeleza kwa nini muziki uliondoka, lakini halielezi kwa nini watu walibaki. Kwa hilo ni lazima kuitazama siasa ya Chicago. Mwaka 1982 zaidi ya Weusi 100,000 walijiandikisha kupiga kura, na Aprili 1983 Harold Washington akawa meya wa kwanza Mweusi wa jiji hilo. Mmoja wa waliouchochea uandikishaji huo ni mwanahabari Lu Palmer, ambaye baadaye aliendesha kipindi WVON. Baraza la madiwani likagawanyika kwa rangi, wengi wakimkwamisha meya kila hatua. Wakazi wa mitaa ya kusini walikuwa na mambo ya kujadili kila asubuhi, na mahali pa kuyajadili ni WVON. Miaka iliyofuata Cliff Kelley, diwani wa zamani aliyekuwa amepitia kifungo kwa rushwa, alirudi kuwa mmoja wa watangazaji wanaoheshimiwa zaidi jijini, na Barack Obama, alipokuwa bado mwanasiasa wa jimbo, alikuwa mgeni katika kipindi chake.

Lipo pingamizi moja zaidi, na hili sidhani linaondoka kabisa. Kituo kinachozungumza na jamii moja huweza kuwaambia watu wanachokiamini tayari. WVON haikuwahi kujifanya mwamuzi asiyeegemea upande. Ilikuwa na upande, nayo ilisema hivyo. Tofauti yake na vipindi vinavyorushwa kutoka mji mmoja kwenda mamia ya vituo ni kwamba mpiga simu wa WVON na diwani anayelalamikiwa walikuwa wa jiji moja, mara nyingine wa kata moja. Diwani angeweza kupiga simu kujibu, na uongo ungekutana na aliyekuwepo. Ukaribu hauzuii upendeleo, lakini hufanya upotoshaji ugundulike upesi. Sheria ya mawasiliano ya 1996, iliyoondoa ukomo wa idadi ya vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchini, ndiyo iliyoupunguza ukaribu huo kwingineko, kwani kampuni ya Clear Channel peke yake ilifikia kuwa na vituo zaidi ya 1,200.

Mwaka 2006, chini ya uongozi wa Melody Spann-Cooper, binti wa Pervis Spann, WVON iliacha kugawana saa na ikahamia masafa ya 1690, yenye wati 10,000 mchana, ikitangaza saa 24. Masafa hayo iliyapata kwa kuyakodi kutoka Clear Channel.