Daktari Akiugua, Nani Humlipa?

Kilwa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iko ukingoni mwa Ziwa Mweru, upande wa Pweto, na ng'ambo ya maji ni Zambia. Samaki wa hapo huliwa Lubumbashi. Kipindupindu nacho kimezoeleka katika miji ya ziwani, na kila kinaporudi, wanaokishika kwanza kwa mikono yao ni wauguzi na madaktari.

Tuseme daktari amefungua zahanati yake mwenyewe katika mji kama huu. Hana mwajiri. Anakula kutokana na mgonjwa aliyemtibu leo, na mgonjwa huyo ni mvuvi au mke wa mvuvi, hulipa samaki wakishauzwa. Siku daktari akivunjika mkono kwa ajali ya pikipiki, au ini likimlaza miezi mitatu, pesa hukatika siku hiyohiyo. Kodi ya nyumba haingoji apone. Wauguzi wake wanataka mshahara, na shule inataka ada ya watoto. Kwa janga la namna hii, nchi nyingine zina bima ya kulinda kipato: unachanga kila mwezi ukiwa mzima, na ugonjwa au ajali ikikuzuia kufanya kazi, unalipwa sehemu ya kipato chako mpaka urudi kazini au ufikie umri wa kustaafu. Katika Katanga, eneo ambamo Kilwa imo, bima hiyo ni ngeni hata kwa waliosoma, na sababu zake zimo katika historia ya eneo lenyewe.

Katika Katanga, ulinzi wa mfanyakazi ulizaliwa ndani ya kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka ishirini ya mwanzo ilikuwa ikikusanya watu kutoka mbali, ikiwatumia miezi michache na kuwarudisha makwao. Kuanzia mwaka 1928 hivi ilibadili mwendo, ikataka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto. Mmoja wa waliousimamia mpango huo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle. Kampuni ikatoa nyumba, posho, shule na hospitali. Ukiugua, ulitibiwa na waganga wa kampuni. Ukitoka kampunini, ulitoka na vyote. Watoto wa makambi yale waliiita kampuni baba na mama, na mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika mwaka 2001 kitabu kizima, Bana Shaba abandonnés par leur père, juu ya baba huyo aliyewaacha watoto wake.

Sheria zilifuata njia hiyohiyo. Amri ya mwaka 1945 iligusa fidia za ajali kazini kwa Waafrika, na ile ya mwaka 1956 iligusa pensheni zao. Baada ya uhuru ikaja amri ya tarehe 29 Juni 1961 iliyounda INSS, shirika la taifa la hifadhi ya jamii. Zote ziliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mwajiri. Hata sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mfanyakazi mgonjwa theluthi mbili za mshahara wake, lakini anayezitoa ni mwajiri. Daktari anayejiajiri angezidai kwa nani?

Wakati Katanga ikijenga ulinzi wa kampuni, madaktari wa nchi nyingine walijikinga wenyewe kwa wenyewe. Uingereza, mwaka 1884, waliunda chama cha Medical Sickness, ambacho wanachama wake walichanga ili mwenzao akilala asilale na njaa. Afrika Kusini, mwaka 1941, madaktari wa meno wanane waliunda Professional Provident Society kwa hofu hiyohiyo. Siwezi kuutaja mwaka 1941 nikapita: mwaka huohuo, tarehe 9 Desemba, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Reli moja iliiunganisha miji ya migodi ya Katanga na Afrika Kusini, lakini wataalamu wa kule walikuwa huru kukaa mezani na kupanga usalama wao. Hapa, kudai tu kulimaanisha kufa.

Bima ya namna hiyo ya madaktari inasimama juu ya mambo matatu. La kwanza ni maana ya kushindwa kazi. Mpasuaji aliyepoteza vidole viwili anaweza bado kufundisha darasani au kukaa ofisini, na bima ya kawaida ingeweza kumwambia kuwa ni mzima. Bima nzuri ya madaktari humpima kwa kazi yake mwenyewe: kama hawezi tena kupasua, basi hawezi kazi. La pili ni kipindi cha kungoja. Mwanachama hujitegemea wiki nne, kumi na tatu au hata ishirini na sita kabla ya kulipwa, na kadiri anavyokubali kungoja, ndivyo mchango wake unavyopungua. La tatu ni kiwango: bima hairudishi kipato chote, ili anayelipwa awe na sababu ya kupona.

Ubelgiji, iliyotawala hapa, iliifikia bima ya kipato baada tu ya kuondoka. Ilipokuwa ikiondoka, serikali yake ilihakikisha pensheni za Wabelgiji waliofanya kazi Kongo kwa sheria ya Juni 1960. Madaktari wake waligoma Aprili 1964, na makubaliano ya Juni mwaka huo yalifungua njia ya madaktari wanaokubali ada zilizopangwa kuchangiwa pensheni yao au bima ya kipato. Mwaka 1971, wote wanaojiajiri wakaingizwa katika bima ya lazima ya kutoweza kazi. Kongo ilibaki na sheria za mwajiri.

Wala hapakuwa na daktari Mkongo wa kuzipinga. Mwaka 1960 nchi ilikuwa na wasaidizi wa madaktari wenye ujuzi mkubwa, lakini hakuna hata Mkongo mmoja aliyekuwa na shahada kamili ya udaktari. Baraza la madaktari, l'Ordre des Médecins, liliundwa mwaka 1968. Kufikia hapo serikali ilikuwa imeshalikabidhi shirika lake la SONAS bima zote za nchi, tangu mwaka 1966, na SONAS ilikaa peke yake karibu nusu karne.

Hata kama SONAS ingeuza bima ya kipato, pesa yenyewe ilikuwa ikioza. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ya mwaka 1998 ilikuwa zaire bilioni 300 za zamani. Bima ya kipato ni ahadi ya miaka thelathini, na hakuna awezaye kuitoa kwa pesa ya namna hiyo.

Mgodi nao ukadhoofika. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilidaiwa mishahara ya miezi mingi, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Kilwa iliona jambo hilo kwa udogo wake. Mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi, ulioendeshwa na Anvil Mining, ulianza mwaka 2002 na kusimamishwa mwishoni mwa mwaka 2008. Watu wa Kilwa wanaikumbuka miaka hiyo zaidi kwa raia waliouawa na jeshi Oktoba 2004, na hayo yanastahili kuandikwa peke yake. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba mishahara ya mgodi huja na huenda, na kinga yake huenda nayo.

Hatari ya daktari haiendi. Kikwit, mwaka 1995, Ebola iliwashika watu 315, na 80 kati yao walikuwa wahudumu wa afya.

Walicho nacho madaktari wa Katanga, kama walimu na wauza soko, ni likelemba. Kila mmoja anachanga, na kila mwezi mmoja anabeba kapu zima. Nimeona watu wakijenga nyumba kwa likelemba, naiheshimu sana. Lakini hutoa kwa zamu, na ugonjwa haufuati zamu. Isitoshe, mgonjwa asiyeweza kuchanga huwa mzigo kwa kikundi wakati uleule anapokihitaji.

Milango ya sheria imefunguliwa karibuni. Sheria ya bima ya Machi 2015 iliondoa ukiritimba wa SONAS, na kampuni binafsi zikaingia sokoni. Sheria ya Julai 2016 ilipanga upya hifadhi ya jamii, na baadaye INSS ikageuzwa kuwa CNSS, ambayo mizizi yake ingali kwa mwajiri. Kwa maoni yangu, yenye maana zaidi kwa madaktari ni sheria ya Februari 2017 juu ya vyama vya kusaidiana, kwa kuwa inawaruhusu watu wa kazi moja kuunda mfuko wao kihalali, kama walivyofanya wale wanane wa Afrika Kusini. Mifuko ya namna hiyo iliyozoeleka nchini, kama ule wa walimu, hulipia matibabu. Sioni kinachozuia mfuko wa madaktari ulipie pia kipato kilichokatika. Wangechanga kwa dola, kwa kuwa ndiyo pesa wanayohesabia kodi na ada. L'Ordre ina daftari la wanachama, kwa hiyo hata kujua nani ni daktari hakuhitaji kazi mpya.

Kigumu zaidi ni cheti. Mfuko haulipi mpaka daktari mwingine athibitishe kwamba mwenzake hawezi kazi, na asiwe ndugu wala mshirika wake. Lubumbashi hilo ni la saa moja. Kilwa, hospitali kuu ya rufaa ina madaktari wachache wanaojuana wote, na anayefuata yuko Pweto au Kasenga, kwa barabara ambayo wakati wa mvua hupitika kwa shida. Kanuni ya kwanza ya mfuko huo ingepaswa kueleza nani atapanda pikipiki kwenda kumwona mgonjwa, ndani ya siku ngapi, na nauli yake italipwa na nani.