Gitaa Mbili na Chupa ya Fanta

Malinya, fahali wakipelekwa uwanjani kupigana, isukuti ndiyo hutangulia. Ngoma tatu, filimbi, vijana mbio. Hapo nani atasikia gitaa kavu? Binamu yangu huniuliza hivyo kila tukitoka shoo ya watu kumi na mmoja, nauli ikiwa ya mfuko wetu. Juzi akasema basi, anauza gitaa yake.

Nikamtajia George Mukabi wa Kisa, hapa hapa Kakamega. Alipiga gitaa kavu kwa mtindo wa omutibo: dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinatembeza wimbo. Alifariki 1963, lakini *Sengula Nakupenda* bado inaimbwa hata na wasiojua Kiluhya, maana aliiimba kwa Kiswahili.

Kisha kuna Abana ba Nasery wa Bunyore: gitaa mbili, na wa tatu akikwaruza mbavu za chupa ya Fanta. Hiyo ndiyo ilikuwa ngoma yao. Walianza miaka ya 1960, wakapigia watu wa nyumbani kwa miongo. Albamu waliyorekodi Uingereza ilitoka 1992.

Hawa hawakushindana na isukuti kwa kelele. Walifanya watu wasogee karibu. Kumi na mmoja waliosogea si haba, nikamwambia.

Hakunijibu. Lakini Jumapili alifika na chupa ya soda, ya kioo, si plastiki. Gitaa pia alikuwa nayo.